Skopu ya Kushoto na ya Kulia

Mwanangu Swabra,

Salamu nilikupa asubuhi na nyingine tutapeana jioni tukikaa kula, kwa hiyo hapa nazivuka. Nakuandikia kutoka dukani, nyumba tisa tu kutoka ulipo, kama mtu aliye Uarabuni. Mlango nimeurudisha nusu, ili wapitao wadhani niko msikitini, na walio msikitini wadhani nina kazi. Laasiri tumeshasali. Kesho asubuhi mapema boti itakuvusha mpaka Mokowe, upande basi la Mombasa ukaanze chuo cha ufundi, na mpaka dakika hii babako hajui akupe skopu ipi.

Cha kula, cha kuvaa, nani wa kumpigia simu ukifika, hayo mamako ameyasema na atayasema tena mpaka kamba ya boti ifunguliwe. Simwingilii kazi yake. Mimi nina moja tu, na hilo moja limenishinda kulisema kwa mdomo. Juzi ulipoleta chai nilifungua kinywa nikalisema, likatoka jingine, nikakuuliza kama umenoa mkasi. Ulinitazama kama mtu aliyepandwa na homa.

Basi nianze na mashine zenyewe, huenda nikipitia huko nitafika.

Ziko hapa mezani, ya kushoto na ya kulia, kama ulivyozizoea. Wateja huuliza kama ni televisheni za watoto. Ulikuwa na miaka sita ulipomjibu mmoja wao, “Ni za kutazamia umeme,” ukamwonyesha ule mstari wa kijani unavyopanda na kushuka kwenye kioo, ukamhesabia vyumba vilivyochorwa pale: vyumba vingi umeme mwingi, vyumba vichache umeme mchache. Sijasikia mwalimu akieleza vizuri kuliko hivyo. Zote mbili zimetoka kiwanda kimoja, uzito sawa, mpini wa kubebea sawa, na namba yao ni moja isipokuwa ya kulia ina herufi moja ya ziada mwishoni. Herufi moja, mwanangu! Kwa herufi hiyo nimezunguka wiki nzima kama kuku mwenye mdondo.

Ya kushoto, unaijua. Ndani transista zake zimesimama kwenye vikalio, unazing’oa kwa vidole kama jino la mtoto lililolegea. Hewa yetu ya chumvi huzila miguu, mstari ukaanza kupepesa, lakini ukizisugua kwa raba ya shule na spiriti kidogo mashine huamka. Ikifa moja kabisa, utapata mwenzake Mombasa hata ndani ya redio mbovu. Ya kulia, ile yenye herufi, walioiunda walikuwa wameshaerevuka. Mstari wake umetulia, haitaki kubembelezwa. Ila kazi nyingi wamezifungia ndani ya vipande vyeusi vilivyozibwa, na kikifa kimoja hupati kingine dukani, labda ukikate kwenye maiti ya mwenziwe. Sasa mtu achague nini, inayougua kila mwezi na kutibika, au ile isiyougua hata siku moja mpaka siku ya kufa?

Jumatatu nilisema kushoto. Jumanne nikasema kulia, ukaenda ukaifunga kwa mkeka ule wa Kipungani. Jumatano nikaufungua mkeka. Mamako akasimama mlangoni, mikono kiunoni. “Baba Swabra, waoza mwana au wampa mashini?” Nikamwambia mume akikosewa huweza kurudishwa kwao. Hakucheka.

Nawe ukasema, “Yoyote, Baba. Mradi niwe nayo.” Umedhani nahangaika kwa ajili ya transista.

Swabra, ya kulia si yangu. Ni ya Athmani.

Ami yako Athmani wa Mkokoni, mdogo wangu wa tumbo moja, aliyekuwa akikubeba mabegani kutoka hapa dukani mpaka gatini. Ulikuwa umeng’oka meno ya mbele alipohama, na tangu siku hiyo umemwona mara moja tu, kwenye mazishi ya bibi yako. Duka hili lilikuwa letu sote wawili. Hiyo meza unayopenda kukalia upande wa dirisha ilikuwa yake. Mimi ndiye niliyeanza kuziita mashine ya kushoto na ya kulia, kwa sababu sikutaka jina lake litajwe kila nikihitaji kuwashiwa kitu. Nawe ukayashika majina hayo kwangu, hukujua.

Tulizipata pamoja. Kule Kipungani alikuwepo mgeni mmoja aliyejenga karibu na pwani, mtu wa kuzungumza kwa redio na watu wa mbali. Alipokuwa anarudi kwao akatuita, kwa kuwa tuliwahi kumfufulia jenereta yake, akatuambia zile skopu mbili ni zetu, kila mtu yake, tuchague. Wa kuchagua kwanza ni mkubwa, kwetu hilo halina mjadala. Lakini nikataka nionekane mtu wa busara, nikamwambia Athmani nitasali istikhara kwanza. Nikasali siku tatu. Sikuoteshwa mashine yoyote. Niliota punda wa jirani amevaa kofia yangu. Na mimi tangu dakika ya kwanza moyo wangu ulikuwa kwa ile ya kushoto, kwa sababu iling’aa na haikuwa na mkwaruzo, basi nikamfasiri yule punda mpaka akakubaliana nami. Sichezi na sala, Mola anisamehe. Namcheka yule Omari, mimi huyu, aliyemwomba Mungu amchagulie huku mkono wake umeshashika mpini.

Athmani hakuota kitu. Alichutama tu mbele ya mashine akasema, “Kaka, tuziwashe zote mbili, tuyue.”

Tukaziwasha. Akazungusha hiki, akabonyeza kile, taratibu, unajua alivyo, au hujui, sikukuacha ujue. Kisha akanionyesha kwa kidole. “Yako kitaa chake hakiwaki.”

Kitaa chenyewe ni kile kilicho jirani na chekundu. Katikati ya kizungushio kikubwa cha kupimia kuna kingine kidogo chekundu, nasi tulikiita hivyo hivyo. Kikikaa mahali pake hulia tik, na vyumba vya kiooni husema kweli. Kikiponyoka hata unywele, mstari hupungua kimo. Umbo ni lile lile, zuri, limenyooka, hulitilii shaka, lakini hesabu yote ni ya uongo. Ndiyo maana waliweka kitaa pembeni, kiwake kila kile kizungushio chekundu kikitoka mahali pake, fundi ajue asihesabu. Changu kilikuwa kimekufa.

“Kitaa ni pambo,” nikamjibu. “Twatukua mashini au twatukua taa?”

Mgeni akacheka kwa kuwa mimi nilicheka. Athmani akachukua iliyobaki, yenye mikwaruzo na herufi, akasema ahsante.

Sasa nafika pale nisipopenda kufika. Nimeinuka nikafagia duka zima kabla ya kuandika sentensi hii, na duka halikuwa na taka.

Akina mama wa Ndau walikuwa na friza yao ya pweza. Athmani ndiye aliyewaungia inveta, ile ya kugeuza umeme wa sola uweze kuendesha friza, na ilikwenda vizuri msimu mzima. Kisha Bi Khadija, mkubwa wao, akatuletea habari kwamba friza inanguruma usiku na mchana lakini barafu haishiki. Tukaenda sote wawili, nami nikaibeba skopu yangu kwenye boti, nimeipakata kama bibi harusi. Bahari ilikuwa na mawimbi mafupi mafupi yale ya kutikisa meno. Nilijiona mkubwa sana. Nani mwingine visiwa hivi alikuwa anakwenda kazini na skopu?

Athmani alifungua friza, akapitisha kidole kwenye mpira wa mlango, ule wa kuziba baridi isitoke. Ulikuwa umeliwa na chumvi, umepasuka. “Kaka, ni mpira. Inveta nzima.” Akatoa mita yake ndogo, akapima. “Ona, yasema sawa.”

“Hiyo mita ya soko,” nikamwambia, na Bi Khadija anasikia. “Skopu haisemi urongo.”

Nikaiwasha. Mstari ukatoka mzuri, umbo safi, lakini mfupi. Nikahesabu vyumba mara mbili. Umeme mdogo. Nikamwambia Athmani inveta yake imechoka, nikachukua bisibisi nikazungusha skrubu ya ndani, nikaupandisha umeme, nikaupandisha, mpaka mstari ukajaa vyumba ninavyovitaka. Athmani alisema, “Kaka, ngoya kidogo.” Sikungoja. Tukalala Ndau. Asubuhi friza ilikuwa imeungua na inveta imeungua, na nyumba nzima inanuka pweza na waya.

Wale akina mama walimwaga kazi ya wiki nzima pwani. Sitaki kukupambia hapo, waliimwaga kwa ndoo, mmoja mmoja. Watu wakakusanyika. Bi Khadija hakutukana. Aliuliza tu, “Huu mkono wa nani?”

Nikasema, “Inveta kaiunga Athmani.”

Neno lenyewe lilikuwa la kweli, Swabra. Aliiunga yeye. Na mimi wakati ule niliamini kwa dhati kwamba aliiunga dhaifu, kwa kuwa kioo kiliniambia hivyo. Lakini nilijua vilevile ni mkono gani ulioshika bisibisi, na huo sikuutaja. Athmani alikuwa amesimama karibu nami kiasi cha kugusana mabega. Akanitazama. Kwetu mdogo hamkati mkubwa wake maneno mbele za watu, nililijua hilo nilipofungua kinywa, na ukweli wa ukweli ni kwamba nililitegemea. Akainama akaanza kukusanya vyombo.

Kwenye boti ya kurudi nilimsubiri aniseme tukiwa wawili. Hakusema. Nikachukulia kunyamaza kwake ni kukiri. Unaona mtu anavyoweza kujihesabia vyumba?

Visiwa ni vidogo. Kabla mwezi haujaisha hakuna aliyempa Athmani kitu cha umeme akitengeneze, si Ndau, si Kizingitini, si hapa mtaani. Wakiingia dukani waliniuliza mimi, yeye wakampita na salamu. Alivumilia, kisha akahamia kwa wakweze Mkokoni, na huko mpaka leo anatengeneza mashine za boti, ambazo hufa kwa sababu zao zenyewe na hakuna wa kuuliza ni mkono wa nani. Siku anaondoka alichukua sanduku moja la vyombo. Nikamwuliza, na skopu? Akaiacha pale mezani, akasema, “Yangu nakuwatia. Taa yake yawaka.”

Nilidhani ananikejeli. Nikakasirika, nikasema hata ahsante hana. Mpaka leo sijui alikuwa na maana gani. Alijua? Aliona siku ile Ndau kwamba chekundu hakikukaa, akaninyamazia? Au alisema tu kama mtu anavyosema taa inawaka? Nimeligeuza neno hilo miaka yote hii, kila upande lina makali.

Bibi yako alikufa hatujasemezana. Jeneza tulilibeba sote, yeye mbele, mimi nyuma yake, na nilichokiona njia nzima ni kisogo chake, mvi zimeingia.

Na bado sikujua, mwanangu. Aliyenijulisha ni wewe.

Ilikuwa likizo, una miaka kumi na sita, umeitoa ya kushoto juani uisafishe. Ukaniita, “Baba, njoo uone. Hiki chekundu kinatoka chenyewe ukiinua mashine. Ukiitikisa tu kinaachia. Na taa haikwambii.” Ukakirudisha, tik. Ukaiinua, ukaitua, ukanionyesha, kimetoka. Ulikuwa umefurahi, umegundua ugonjwa peke yako. Mimi nikaiona boti ya Ndau na yale mawimbi mafupi. Nikakupiga mkono. Nikakwambia usiguse vitu usivyovijua, na mwezi mzima nikakukataza meza. Ulilia kwa mamako ukimwuliza umeharibu nini, akaja kuniuliza, nikamwambia mtoto ana mkono mzito.

Ulipoondoka niliichukua mashine nikaizungusha duka zima mikononi kama mwehu, nikaitua, nikapima betri ninayoijua. Ilionyesha pungufu. Nikakilizisha chekundu, nikapima tena. Sawasawa. Nikakaa chini sakafuni, hapa hapa ilipo miguu yangu sasa. Mpira wa mlango. Alisema ni mpira wa mlango.

Huo ni mwaka wa tatu sasa. Nimejua, na nimekaa. Kila Ijumaa nilisema Ijumaa ijayo. Majuto ni mjukuu, husemwa, huja kinyume. Mimi wangu ameshakuja, ameshaota meno, na bado nilikuwa najifanya simwoni.

Kuna na jingine dogo, nalo ulijue. Kioo cha mashine yangu kilipofifia, zamani kidogo, niling’oa cha Athmani nikakitia katika yangu, kile kibovu nikakitia katika yake. Sikumwuliza. Nilijiambia kaka haombi ruhusa. Kwa hiyo ule mstari mkali unaousifia wa ya kushoto, ni jicho lake ndani ya kichwa changu. Sasa niambie mchaguaji achague vipi. Nikikupa ya kulia, nimetoa mali ya mtu. Nikikupa ya kushoto, nimetoa jicho la mtu, pamoja na chekundu kilichomhamisha mji.

Na Jumapili ulipita nyumba zote na mamako kuaga na kutaka radhi, hata kwa yule jirani aliyekuwa akikufukuza kibarazani kwake. Ukarudi umechoka, ukaniuliza, “Na Ami Athmani je? Nimpigie?” Nikakujibu Mkokoni hakuna mtandao.

Umeniamini. Hilo ndilo lililonivunja zaidi kuliko yote, kwamba hukujaribu hata kupiga. Ukasema, “Basi, Mungu atatusamehe,” ukaenda kukunja nguo.

Leo baada ya adhuhuri nimezifungua zote mbili. Nilingoja umeme wa ndani ulale, nikatoa vioo, cha Athmani nikakirudisha kwake, changu kwangu. Kazi ya saa mbili imenichukua tatu, nikaapa mara nne na kuomba maghfira mara nne. Mstari wa ya kushoto ulikaa upande, nimeunyoosha. Kitaa kilichokufa nimekitoa nikachomelea kingine, kidogo, nilikipata kwenye redio ya kaseti. Chekundu kikitoka sasa, kinawaka. Nimekijaribu mara ishirini na zaidi kama mtoto aliyepewa kipenga. Nilipomaliza kufunga nikaona mezani imebaki skrubu moja. Sijui ni ya ipi. Fundi wa miaka thelathini! Nimezifungua tena, nimezifunga tena, imebaki vilevile.

Nilidhani nikiandika mpaka hapa somo litajitokeza lenyewe nikukabidhi. Nilitaka kukwambia usiamini mashine, amini watu. Nikakumbuka kwamba watu waliniamini mimi. Nikataka kukwambia msikilize mdogo wako, lakini huna mdogo. Nikataka kukwambia mtu akikosea aseme siku ile ile, na hilo nalijua ni kweli kama ninavyojua jina langu, ila sijui kwa nini kulijua hakukunisaidia kitu. Nimekulea miaka kumi na tisa na nakuaga nikiwa nimechanganyikiwa kuliko siku uliyozaliwa. Naona haya, na nakupenda, na yote mawili yamekaa pamoja kifuani, hakuna linalompisha mwenziwe.

Basi nimeamua hivi, na safari hii sikuota punda.

Utakwenda na ya kushoto. Kioo chake ni kile kilichofifia, utalazimika kufunga dirisha ili uone vizuri, na najua ulitaka kile kikali. Lakini ni yangu yote, kila kipande, na ugonjwa wake unaujua kuliko mimi, wewe ndiye uliyeuona. Skrubu nimeibandika kwa plasta chini ya mpini. Ukipajua mahali pake, mimi sina la kusema, umeshanipita.

Ya kulia nimeifunga kwa mkeka wako. Nimezungumza na mwenye boti ya kwenda kaskazini, kesho ataniwekea nafasi. Mamako hajui, atajua akiona natoka nyumbani na mzigo kama wewe. Tutafika gatini pamoja, barua hii nitakupa mkononi uisome ndani ya basi, wewe utapanda boti ya Mokowe na mimi yangu. Duka litafungwa, na atakayeuliza aambiwe fundi amekwenda kwa nduguye. Sijui atanipokea vipi. Huenda akaniwekea kahawa, huenda akaniambia mashine iache mlangoni. Na nikimaliza Mkokoni nina Ndau, kwa Bi Khadija, nikasimame pale pale pwani niseme bisibisi ilikuwa mkononi mwa nani.

Mwenye kusafiri ndiye anayetaka radhi, na jana ulipiga magoti mbele yangu nikakupa yangu haraka haraka, nikitazama ukuta. Hukuniuliza kama nami nina langu la kukutaka radhi. Ninalo. Uliona kweli, nikakupiga mkono ulioona. Niwie radhi, mamangu.

Kwa Athmani nimejaribu maneno mengi tangu asubuhi, nikiyasema kwa sauti hapa kati ya redio mbovu. Yote yalikuwa na “lakini” ndani yake, nikayatupa moja moja. Yamebaki matatu. Nitayasema kabla ya salamu, kabla hajaniuliza habari za nyumbani, nikiwa bado nimesimama na mzigo mikononi: Chekundu hakikulia, Athmani. Kisha ninyamaze, aseme yeye, na safari hii nitamsikiliza mpaka mwisho.

Usimpigie kabla ya laasiri. Nataka alisikie kwangu kwanza. Baada ya hapo mtake radhi kama ulivyowataka wengine, na umwambie unakwenda kusomea kazi yake. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Mtandao upo.

Babako,
Omari